Mnada Tunaujua, Yadi Inatushinda

Shikamooni wazee wetu wa Karatu mjini, Rhotia, Mbulumbulu, Endabash, Oldeani na Mang'ola. Na nyinyi vijana mnaoteremka kutoka lango la Loduare la Ngorongoro na wageni garini, hamjambo? Poleni na vumbi. Kama uko kwenye usukani, wewe sikiliza tu, simu iache ilipo.

Jioni hii nataka tuzungumze habari ya kununua gari. Gari lipi ni zuri na lipi ni baya, hilo tuliache kwa leo. Leo tuongee bei. Unapatanaje na muuzaji mpaka utoke pale umelipa kinachostahili? Nimelichagua jambo hili kwa sababu ninaona kinachotokea kila mwaka. Vitunguu vya Mang'ola vikishapata mnunuzi, au msimu wa wageni ukishapamba moto, wenzetu hupanda gari alfajiri pale stendi, wanakwenda Arusha, kilomita kama 140, fedha ikiwa imefungwa kiunoni. Jioni wanarudi wanaendesha. Majirani wanatoka nje kulitazama gari, watoto wanaliparamia, na ni furaha ya kweli. Wiki ya pili mmoja wao anakutana na mtu wa Qurus aliyenunua gari kama lile lile, mwaka ule ule, kwa milioni mbili pungufu. Furaha yote inaishia hapo.

Sasa nakuuliza swali, msikilizaji wangu, na swali hili kaa nalo mpaka mwisho wa kipindi. Ng'ombe, wewe unamnunuaje?

Nenda mnada wetu hapa Karatu, kaa pembeni, umwangalie mzee mmoja anayetafuta maksai wa kulimia. Usiangalie wengine, mwangalie yeye tu. Ana blanketi begani na fimbo mkononi. Anampita yule maksai anayemtaka kama vile hakumwona, anakwenda kuulizia bei ya yule wa jirani. Anazunguka. Anarudi. Anamfunua mdomo, anahesabu meno. Anambonyeza mgongoni, kisha anamwomba mwenye mali amtembeze, naye anainama kidogo kutazama kwato zinavyokanyaga. Halafu anauliza maswali mawili: huyu katoka boma gani, na kwa nini anauzwa? Anatajiwa bei. Hajibu. Anaondoka kwenda kunywa chai.

Mwenye ng'ombe anamfuata kule kule kwenye chai. Wangapi mmeyaona haya? Mmeyaona, na wengi wenu mmeyafanya. Bei ikikaribia kukubalika, mzee anamwita shemeji yake, wanateta pembeni kwa Kiiraqw, na fedha bado haijaonekana. Na kitu kikubwa kuliko vyote: mzee huyu, kabla hajatoka nyumbani, alishajua maksai wa aina ile mnada uliopita aliuzwa shilingi ngapi.

Mzee huyo huyo mpeleke yadi ya magari. Anaingia peke yake. Anakaribishwa kwenye kiti laini, kiyoyozi kinavuma, sakafu inang'aa, na anaona haya hata kuinama kuangalia chini ya gari asije akaonekana mshamba. Anauliza, "Hili shilingi ngapi?" Anatajiwa. Anasema, "Punguza kidogo." Anapunguziwa kidogo. Analipa.

Ndugu zangu, ujuzi tunao. Tunauacha nje ya geti la yadi.

Naongea hivi kwa sababu mimi mwenyewe yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kutafuta Noah, zile za zamani, ili ifanye kazi ya abiria kati ya hapa na Mto wa Mbu. Yadi sitaitaja. Nilipokewa na kijana mpole, shati limenyooka, akaniletea soda baridi. Nilipouliza bei hakunijibu kwa mdomo. Alichukua kikokotoo, akabonyeza namba, akakigeuza upande wangu, akakisukuma juu ya meza taratibu kwa kidole kimoja. Nikatazama, moyo ukashtuka. Nikaomba apunguze. Akakivuta, akabonyeza, akakisukuma tena. Laki tano zimeondoka. Nikajiona mwanaume. Nikauliza, "Mwisho kabisa?" Akatazama dari kidogo, akabonyeza, laki mbili nyingine zikaondoka. Nikampa mkono.

Kesho yake nikaambiwa usajili bado, namba bado, bima bado, na gharama ya kulishughulikia hilo ni juu yangu. Zile laki saba zangu zote zikarudi kule kule zilikotoka, na nyingine juu yake. Niliporudi nyumbani niliketi nikajiuliza, kosa langu lilikuwa wapi? Soda haikuwa kosa. Kosa ni kwamba muda wote nilikuwa nikihesabu kushuka kutoka kwenye namba yake. Yeye ndiye aliyeweka mwanzo, na mimi nikashangilia kila hatua ya kushuka, bila kujua kama tumeanzia juu ya paa au juu ya mlima.

Kwa hiyo neno la kwanza leo, na nitalirudia: ijue thamani kabla hujauliza bei. Ijue thamani, kabla hujauliza bei.

Utanijibu, "Mtangazaji, thamani ya maksai naijua kwa sababu nimekulia mnadani. Ya gari nitaijulia wapi?" Swali zuri. Tuingie humo.

Tunaposema gari jipya huku kwetu, mara nyingi tunamaanisha gari lililotumika Japani, ambalo hapa nchini halijawahi kusajiliwa. Gari hilo nalo limetoka mnadani! Japani kuna kampuni za minada ya magari, kubwa yao inaitwa USS, na kila wiki maelfu ya magari yanapita humo. Kabla gari halijauzwa, mkaguzi wa mnada hulizunguka kama yule mzee wetu anavyomzunguka maksai, kisha anajaza karatasi. Kwenye karatasi hiyo kuna mchoro wa gari, na juu ya mchoro ameweka herufi. A ni mkwaruzo. U ni mahali palipobonyea. W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi. XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Pembeni kuna alama ya jumla: nne na nusu ni gari safi, nne ni zuri, tatu na nusu limechoka kidogo, na ukiona herufi R, gari lilipata ajali likatengenezwa. Kilomita nazo zimeandikwa pale.

Sasa unaona? Gari lililopita mnadani lina karatasi ya mnada. Iombe. Omba kwa heshima, lakini iombe. Ukiipata, linganisha kilomita za kwenye karatasi na zile za kwenye dashibodi. Karatasi ikisema laki moja na arobaini elfu, na dashibodi inasema elfu sitini, mazungumzo ya bei yameisha. Simama uage.

Haya, thamani. Kampuni zinazosafirisha magari kutoka Japani huweka picha na bei mtandaoni, wazi kabisa. Mwanao au mjukuu mwenye simu anaweza kukutafutia usiku mmoja. Mwambie atafute gari la jina lile lile, mwaka ule ule, injini ile ile, na hali inayofanana. Asitafute moja, atafute matano au sita. Aandike bei ya CIF, maana yake bei ya gari pamoja na bima na meli hadi bandari ya Dar es Salaam. Hiyo ndiyo inayokuonyesha aliyeliagiza alitoa kama kiasi gani.

Kisha ingia kwenye tovuti ya TRA. Mamlaka ya Mapato wana kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika, kipo wazi kwa kila mtu, bure. Unachagua aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini, kinakuletea kodi. Na tambua jambo hili: TRA wanayo thamani yao wenyewe ya kila gari, hawafuati risiti yako tu.

Sitaki kukuchosha kwa tarakimu jioni hii, lakini moja tu nivumilie. Chukua gari ambalo TRA wamelithamini milioni kumi, limepita umri wa miaka kumi, injini ni cc 1998 kama ile Noah yangu. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini. Kuna ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari lililozidi miaka kumi ni asilimia 30. Juu ya mkusanyiko wote huo inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Ukijumlisha, kodi inafika karibu milioni kumi nyingine, na tozo ndogondogo hazijaingia. Yaani kodi inalingana na gari lenyewe! Gari la umri wa miaka minane hadi kumi lina ushuru mdogo wa uchakavu, na la chini ya miaka minane halina kabisa. Kwa hiyo wakati mwingine gari la miaka saba na la miaka kumi na moja yakishafika barabarani, bei zao zinakaribiana kuliko unavyofikiri. Wengi hawalijui hili, wanakimbilia lile kongwe kwa kudhani ndilo nafuu, kumbe fedha yao kubwa imekwenda kwenye ushuru wa uzee wa gari.

Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha, mafuta na dereva wa kulileta kutoka Dar. Ongeza faida ya muuzaji. Ndiyo, faida yake iweke. Mtu huyu amefunga mtaji wake miezi, amelipia meli, amelipia kodi kabla hajaona mteja. Simnyimi, na wewe usimnyime. Ukishajumlisha yote hayo, andika namba moja kwenye karatasi, uikunje, uitie mfukoni. Hiyo ndiyo thamani yako. Ukishakuwa nayo, kikokotoo cha yule kijana kinaweza kusukumwa juu ya meza mara kumi, moyo hautashtuka.

Nilisema nitalirudia: ijue thamani kabla hujauliza bei.

Neno la pili ni fupi. Usiulize, "Gari shilingi ngapi?" Uliza, "Hadi barabarani shilingi ngapi?" Hadi barabarani, maana yake kodi yote imelipwa, limesajiliwa kwa jina langu, namba zimefungwa, bima imekatwa, risiti ya mashine ya EFD iko mkononi mwangu. Namba moja. Akianza kukutajia vipande vipande, hiki laki mbili, kile laki tatu, mrudishe kwa upole: kaka, hadi barabarani. Mimi ningeuliza hivyo siku ile, laki zangu saba zingekuwa za kweli.

Na wale wenye uwezo wa gari jipya hasa, zero kilomita? Hao ni wachache, huku kwetu zaidi ni kampuni za utalii, mashirika na serikali. Wao wanakwenda kwa wakala rasmi. Kwa magari ya Toyota, kwa miaka mingi imekuwa Toyota Tanzania, ya kundi la Karimjee. Kule bei haichezi sana. Lakini nunua magari matatu badala ya moja, uone kama hayazungumzwi. Na pale bei inapogoma, kuna mengine ya kupatania: huduma za mwanzo bure, tairi ya akiba ya pili, springi nzito za nyuma, mafunzo kwa dereva wako. Yaandikwe kwenye ankara. Lisiloandikwa litasahaulika.

Nchini Marekani nao walilalamika kuhusu bei kama sisi. Wanunuzi wa magari mapya walikuwa wakitajiwa bei za kubuni, kila mtu na yake, mpaka mwaka 1958 ilipopita sheria iliyosimamiwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma. Sheria hiyo inataka kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda na bei ya kila nyongeza. Mpaka leo Wamarekani wanaiita karatasi hiyo kwa jina la Monroney. Watu bado wanapatana bei, ila wanapatana wakiwa wanaona wameanzia wapi. Ningetamani sana na yadi zetu zibandike: mwaka wa kutengenezwa, kilomita za mnadani, kodi iliyolipwa, bei hadi barabarani. Tunayo Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni kazi yake. Jambo hili si gumu. Ni karatasi moja kwenye kioo.

Sasa tuje kwenye Land Cruiser. Huku kwetu usipoitaja Land Cruiser, mazungumzo ya magari bado hayajaanza.

Vijana wengi wanaoendesha watalii wana ndoto moja: kuacha kuendesha gari la mtu na kumiliki lao. Ndoto hiyo naipenda na ninaiheshimu. Na gari wanalolipata kirahisi ni lile lililokwisha kutumika na kampuni ya utalii hapa hapa. Lakini tafakari gari hilo limefanya kazi gani. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha mita kama 600, na haishukwi ila kwa gari linalovuta magurudumu yote manne. Asubuhi limeshuka njia ya Seneto kwa gia nzito, breki zikiwa moto. Limezunguka kando ya Ziwa Magadi. Mchana limepanda njia ya Lerai likiwa na abiria sita na vikapu vya chakula. Kesho yake limepelekwa Serengeti, likapita Olduvai mpaka lango la Naabi, barabara imejikunjakunja kama bati la nyumba, kila boliti inatetemeka. Umri wa gari kama hilo usiuhesabu kwa miaka.

Injini yake ya 1HZ, silinda sita, cc 4164, inapendwa kwa haki. Haina mambo mengi ya umeme, na fundi wa Karatu anaweza kuifungua na kuifunga. Ndiyo maana bei yake haishuki, na muuzaji anajua kwamba unajua. Sifa ya injini atakupigia saa nzima. Wewe mwache asifu, mtume fundi wako chini.

Fundi ninayemtumia mimi huja na vitu vitatu: gunia, tochi na bisibisi kubwa. Anatandika gunia, analala chali, anaingia uvunguni. Anagonga chesesi kwa mpini wa bisibisi kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma, anasikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinajibu kizito, kama kugonga mti. Akifika katikati anakaa zaidi, kwa sababu magari haya mengi yamerefushwa Arusha: yamekatwa, yakaungwa, yakaongezwa safu ya viti na paa la kufunguka. Hapo kwenye maungio ndipo anapotafuta ufa. Kila anachokiona anakisema kwa sauti, na mimi juu naandika: bushi za mbele, springi mbili za nyuma, shokapu ya kushoto inavuja, ungio moja linahitaji kuchomelewa upya. Akitoka, tunaweka bei ya kutengeneza mbele ya kila kimoja.

Karatasi hiyo ndiyo inayopatana bei. Ukimwambia muuzaji "punguza", umemwomba zawadi. Ukimwambia, "Mzee, springi na shokapu na kuchomelea vinataka kiasi hiki, tugawane vipi?" umemletea hesabu, na hesabu huwezi kuicheka. Hilo ndilo neno la tatu. Usiombe, onyesha.

Na kwa magari haya ya utalii kuna swali moja ambalo wengi hawaliulizi. Magari ya watalii yanayoagizwa na kampuni zenye leseni yanaweza kuingia nchini kwa msamaha wa ushuru wa forodha. Msamaha ule alipewa mwenye leseni, kwa kazi ile. Likiuzwa kwa mtu asiye na haki hiyo, ushuru unaweza kudaiwa. Kwa hiyo uliza kabla: gari hili lililipiwa ushuru, au liliingia kwa msamaha? Nenda TRA na kadi mkononi uhakikishe. Usije ukalipa bei ya mwenye gari, kisha ukalipa na ushuru wake.

Kwa gari lolote lililokwisha kusajiliwa hapa, mambo ni haya haya. Kadi halisi, siyo nakala. Namba ya chesesi kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi. Madeni ya faini za usalama barabarani yaangaliwe kwa namba ya gari, bima nayo iangaliwe kama ni hai. Ukikuta deni, litolewe kwenye bei mbele yako.

Na hizi habari za "namba D", "namba E"? Mtu anakuuzia gari kwa kukutajia herufi, kama vile herufi ndiyo injini. Herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii lilitengenezwa lini wala limeishi vipi. Gari la namba mpya linaweza kuwa kongwe kuliko la jirani yako lenye namba C. Soma mwaka kwenye kadi, na usilipie herufi.

Dalali naye anafanya kazi, ana haki ya kula jasho lake. Tatizo ni cha juu. Mwenye gari anataka kumi na tano, dalali anakuambia kumi na nane na maongezi yapo, mnaongea mpaka kumi na saba, unamshukuru na kumnunulia chakula. Dawa yake ni moja: fedha inalipwa mbele ya mwenye gari, na ujira wa dalali unatajwa waziwazi, kila mtu akiwa anasikia.

Nataka niseme neno kwa dada zangu, na hili linaniuma. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa wilayani aliniambia alikwenda kutafuta gari, fedha ni yake, mkopo wa SACCOS ameumaliza mwenyewe. Muuzaji akamwambia, "Kamlete mzee ndiyo tuongee." Mwalimu hakugombana. Alifungua daftari lake, akamsomea bei za mtandaoni, akamsomea kodi ya TRA, akamtajia namba yake hadi barabarani. Yule bwana akacheka. Mwalimu akafunga daftari akaondoka, na gari alilinunua yadi ya tatu, kwa namba ile ile aliyokuwa ameiandika. Wanaume wengi wenye sauti nzito hawajawahi kununua gari vizuri hivyo. Nenda na shemeji au fundi kama unavyokwenda na mtu mnadani, uwe mwanamke au mwanaume. Lakini anayesema bei ni mwenye fedha.

Na kwa mnaochukua gari au bajaji kwa mkataba, kulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki, swali lenu lisiwe, "Kwa siku nitaleta shilingi ngapi?" Zidisha siku zote mpaka mwisho, uone jumla. Ukiona jumla ni karibu bei ya magari mawili, rudi nyumbani ufikiri upya.

Tumebakiwa na dakika chache. Nikuulize tena: yule mzee wa mnada, silaha yake kubwa ilikuwa nini? Ni kwamba aliweza kwenda kunywa chai. Aliweza kuondoka. Ukienda yadi na fedha yote kiunoni, na nyumbani umeaga kwamba leo narudi na gari, huwezi kuondoka, na muuzaji ananusa hilo tangu getini. Haraka yako ndiyo faida yake.

Kwa hiyo wewe uliyeuza vitunguu wiki hii, na wewe uliyemaliza msimu na bahasha yako ya bakshishi, nakuomba: safari ya kwanza ya Arusha nenda bila fedha. Iache benki. Tembelea yadi tatu, kaa kwenye kile kiti laini, kunywa soda, piga picha ya namba ya chesesi, uliza hadi barabarani, kisha sema asante na upande gari urudi Karatu. Simu yako itapigwa.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, nitakuwa na fundi wangu wa gunia na bisibisi hapa studio. Andikeni maswali yenu mapema.